Vibanio, Ushanga au Tableti: Mtoto Ajifunze Ruwaza kwa Bei Gani?

Mzazi wa mtoto wa miaka minne hapa Gataka akianza kuulizia vifaa vya kufundishia ruwaza, hakosi wa kumuuzia. Supamaketi za Rongai zina seti za mbao zilizofungwa vizuri kwa plastiki. Maduka ya vitabu yana vitabu vya mazoezi vya PP1 na PP2, yaani madarasa ya chekechea. Sokoni kuna marundo ya vichezeo vya mitumba. Simu iliyo mfukoni ina programu zisizo na idadi, na katika ploti ya pili pengine yupo mwalimu anayefundisha watoto jioni kwa malipo. Wote wanaahidi kwamba mtoto ataipenda hisabati mapema. Bei zinaanzia bure na kupanda hadi maelfu ya shilingi. Anachokipata mtoto hakipandi hivyo, na mara nyingine hushuka.

Bei nitakazotaja ni za makadirio, za madukani na sokoni upande huu wa Kajiado Kaskazini. Ukienda Ngong, au ukizunguka kwa barabara ya Kiserian na Isinya hadi Kitengela, utakuta tofauti ya hapa na pale. Zitumie kulinganishia.

Kwanza tujue tunachonunua. Ruwaza inayojirudia ni mpangilio wenye kipande kimoja kinachorudi tena na tena bila kubadilika: nyekundu, bluu, bluu, nyekundu, bluu, bluu. Mtoto anayeitaja rangi inayofuata ameanza tu. Anayeweza kukionyesha kipande chenyewe, akasema kinaanzia hapa, kinaishia hapa, halafu kinaanza tena, ameshika jambo litakalomfaa akihesabu mbili-mbili na tatu-tatu, akizidisha, na miaka mingi baadaye akikutana na aljebra. Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya, KICD, imeiweka ruwaza katika hisabati ya chekechea, ndani ya mtaala wa umilisi ulioanza kutumika kote nchini Januari 2019, pamoja na kupanga vitu kwa makundi, kuoanisha na kufuatanisha.

Si pambo la mtaala. Nchini Marekani, Bethany Rittle-Johnson wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt na wenzake waliwafuatilia watoto zaidi ya 500 wa familia za kipato cha chini tangu umri wa miaka 4 hadi 11. Matokeo yao ya mwaka 2017 yalionyesha kuwa uwezo wa kushughulika na ruwaza katika chekechea ni miongoni mwa mambo yaliyoashiria mtoto angefika wapi katika hisabati akiwa na miaka 11. Kule Australia, Marina Papic, Joanne Mulligan na Michael Mitchelmore walilinganisha chekechea mbili, moja ikiwa imefundisha ruwaza kwa miezi sita hivi. Katika ripoti yao ya mwaka 2011, watoto wa chekechea hiyo walikuwa mbele ya wenzao, na mwaka mmoja baadaye waliweza hata ruwaza zinazokua, zile zinazoongezeka hatua kwa hatua, ambazo hawakuwahi kufundishwa. Walichokuwa wamezoezwa ni kukitafuta kipande kinachojirudia. Hapo ndipo pesa ya mzazi inapaswa kuelekea.

Nieleze kwa nililoliona kwa jirani. Mtoto anayekaribia miaka mitano alikuwa barazani, dada wa nyumbani akimenya viazi kando yake. Mtoto alikuwa amepanga vifuniko vya soda sakafuni: chekundu, cha kijani, cha kijani, chekundu, cha kijani, cha kijani. Kisha akaendelea: chekundu, cha kijani, chekundu, cha kijani. Dada hakumwambia amekosea. Aliweka kisu chini akasema, "Hebu tuimbe wimbo wa hivi vifuniko." Wakaimba pamoja, kidole cha mtoto kikigusa kimoja kimoja: nyekundu, kijani, kijani, nyekundu, kijani, kijani, nyekundu, kijani... Mtoto akanyamaza. Akakisukuma kando kifuniko chekundu, akachakura kwenye rundo akapata cha kijani, akakipachika pale. Akaanza kuimba upya, peke yake sasa, na mara hii akawa anatulia kidogo kila baada ya vifuniko vitatu. Kule kutulia ndiko nilikofurahia. Kulionyesha kwamba sasa anaona vitatu-vitatu, wala si mstari mrefu wa rangi zinazopokezana.

Gharama ya somo hilo ilikuwa sufuri, lakini usiliite la bure. Lilihitaji mtu mzima aliyekaa karibu, asiye na haraka, na anayejua la kuuliza. Kwa hiyo katika kulinganisha ninaweka hesabu mbili: shilingi na dakika za mtu mzima. Wazazi wengi wa huku wanatoka alfajiri kuwahi matatu za Nairobi kabla Magadi Road haijafunga, na wanarudi mtoto akisinzia. Kifaa kinachohitaji nusu saa ya mzazi kila jioni, hata kikiwa cha shilingi hamsini, ni ghali kwa nyumba hiyo. Kifaa ambacho dada anaweza kukitumia dakika kumi huku ugali ukiiva ni nafuu.

Kipimo cha tatu ni kifaa chenyewe. Je, mtoto anaweza kukivunja alichopanga na kukianza upya? Anaweza kubadilisha kimoja katikati? Anaweza kuendelea mbali, au nafasi inaisha baada ya viwili? Mtoto anahitaji kuona kipande kimekamilika angalau mara mbili, na vizuri zaidi mara tatu, kabla ya kuulizwa kinachofuata. Ukimwonyesha nyekundu na bluu pekee kisha umuulize, jibu lolote atakalotoa laweza kuwa sahihi.

Kwa kipimo hicho, vitabu vya mazoezi ndivyo vinavyoanguka kwanza, na ndivyo wazazi wanavyovinunua zaidi. Kitabu kina picha: duara, pembetatu, duara, pembetatu, kisha mstari mtupu wa kujaza. Mtoto hawezi kuisogeza pembetatu. Akikosea, anafuta hadi karatasi inatoboka. Nyingi ya kurasa hizo hazitoki kwenye ruwaza ya kupokezana moja-moja, ile rahisi kuliko zote, ambayo mtoto anaweza kuipata kwa kukumbuka tu kwamba kinachofuata si hiki cha sasa. Na vitabu havina bei ndogo, kwa sababu tangu Sheria ya VAT ya mwaka 2013 vinatozwa kodi ya asilimia 16. Shule ikikuagiza kitabu cha hisabati cha PP1, hakikisha kimo katika orodha ya vitabu vilivyoidhinishwa na KICD, ile inayoitwa Orange Book, ununue hicho kimoja na usiongeze cha pili.

Kuna wanaopunguza gharama kwa kuchapisha karatasi saiba. Kwa shilingi kumi ukurasa, kurasa kumi kila wiki kwa wiki kumi ni shilingi 1,000, na hapo hujachapisha rangi. Hili nawasihi wazazi walitazame kwa makini: ruwaza ya duara nyekundu na kijani ikitoka kwenye mashine ya nyeusi na nyeupe, duara zote huwa za kijivu. Mtoto anapewa karatasi isiyo na ruwaza, anaambiwa aiendeleze, kisha anaonekana hajui. Kwa vyovyote, tafuta vitu vinavyotofautiana kwa umbo au ukubwa pamoja na rangi, maana wapo watoto, hasa wavulana, ambao macho yao hayatofautishi vizuri nyekundu na kijani.

Seti za mbao ni jambo jingine. Seti nzuri ina vitalu vya maumbo na rangi nne au tano, vinavyokaa imara mezani na visivyobingirika, na huuzwa kati ya shilingi 1,500 na 4,000 hivi. Chukua ya 2,500. Mtoto akiitumia mara tatu kwa wiki mwaka mzima, ni vikao 156, na kila kikao kimekugharimu shilingi 16. Akiitumia wiki mbili za kwanza kisha ikaingia chini ya kitanda, ni vikao sita, na kila kimoja kimekula zaidi ya shilingi 400. Kabla ya kulipa, jiulize ni nani atakayekaa naye katika wiki ya tatu. Kama huna jibu, iache dukani.

Nyingi ya seti hizo huja na kadi zenye picha ya kunakili. Kunakili ni hatua ya kwanza, na mtoto wa miaka mitatu anaifurahia. Lakini mtoto anaweza kunakili kadi kitalu kwa kitalu bila kujua kwamba kuna kitu kinachojirudia. Baada ya wiki moja, ficha kadi. Jenga mwenyewe vipande vitatu, vifunike kwa leso, umwambie ajenge kama vile kwa kukumbuka. Hapo ndipo anapolazimika kukishika kipande kichwani, kwa sababu hawezi kukariri vitalu tisa.

Tazama pia usalama. Bidhaa zilizoingizwa nchini zinapaswa kuwa na stika ya ISM ya shirika la viwango, KEBS. Rangi inayobambuka usiipeleke nyumbani, kwa maana kitalu kitaishia mdomoni. Vichezeo vinavyowaka taa au kuimba viangalie mahali pa betri: kama betri ni zile bapa za duara kama kitufe na kifuniko hakifungwi kwa skrubu, kirudishe. Betri hiyo ikimezwa na kukwama kooni inaweza kuunguza koo ndani ya saa mbili. Hakuna ruwaza yenye thamani ya hatari hiyo.

Rundo la mitumba linanivutia kuliko rafu ya supamaketi. Vitalu vya plastiki vya kupachikana, vya watoto wadogo, hupatikana humo kwa shilingi mia chache mfuko mzima, na ni vile vile vinavyouzwa vipya kwa maelfu. Havina sanduku wala kadi, na hilo halimpunguzii mtoto chochote. Kazi yako ni kuvichambua ili ubaki na rangi mbili au tatu zenye vitalu vya kutosha, kisha uvioshe kwa maji ya moto na sabuni.

Kuhusu skrini, sitaki kumtisha mzazi. Kuna kazi nzuri iliyofanywa kwa Kiswahili na kwa ajili ya watoto wetu. Akili and Me, katuni ya watoto wadogo iliyotengenezwa na Ubongo wa Dar es Salaam, ni ya kusifiwa. Hapa Kenya, kituo cha Akili Kids! kilianza kurusha matangazo mwaka 2020 na kinatazamwa bila malipo ya mwezi, ukiwa na televisheni ya dijitali au king'amuzi. Katika mashindano ya Global Learning XPRIZE, programu tano zilijaribiwa kwa tableti katika vijiji vya mkoa wa Tanga, kwa watoto karibu 3,000, kwa Kiswahili. Mwaka 2019 Kitkit School na onebillion zilitangazwa washindi pamoja, na programu hizo zikaachwa wazi kwa yeyote kuzitumia. Kwa watoto wasio na shule karibu, ule ulikuwa msaada wa kweli.

Mtoto wa Gataka yuko katika hali tofauti. Programu ni bure, lakini tableti ni shilingi elfu kumi na zaidi, na simu ya mama inahitajika na mama. Kwenye skrini mtoto anagusa jibu kati ya majibu matatu. Akikosea mara mbili, la tatu ndilo. Inamfundisha kuchagua, na mara chache sana inampa nafasi ya kutunga. Kama televisheni ipo tayari, mwache atazame kipindi cha ruwaza kwa dakika kumi, kisha kizime na umpe vijiko na vikombe aendeleze alichokiona. Kununua tableti kwa ajili ya hisabati ya PP1 siungi mkono.

Nifike kwenye ushanga, maana tuko Kajiado na haiwezekani kuupita. Akina mama wa Kimaasai wanaoshona na kuuza ushanga, kuanzia Kiserian hadi Rongai, wanafanya kila siku kazi ambayo kitabu cha PP1 kinajaribu kuichora. Wanahesabu shanga kwa kidole gumba, wanabadilisha rangi mahali panapostahili, na wakikosea moja wanaihisi kabla hawajaiona. Bangili ya shilingi 100 au 200 ni kitabu cha ruwaza kisichochanika, na pesa yake inamfikia aliyeitengeneza. Nunua moja, mvalishe mtoto, muulize kila mara anapoitoa: kipande kinaanzia wapi?

Lakini chagua bangili kwa makini. Kazi nyingi za ushanga wa Kimaasai hupanda rangi hadi katikati kisha zikarudi kwa mpangilio ule ule kinyumenyume, kama kitu na taswira yake kwenye kioo. Ni ulinganifu, wala si kurudia, na mtoto anayetafuta kipande atachanganyikiwa. Baadaye utakuwa somo zuri sana. Kwa kuanzia, mwambie mama muuzaji unataka ile yenye rangi zinazofuatana na kuanza tena. Ataelewa mara moja, na akiwa na nafasi atakuonyesha tofauti kwa ustadi ambao walimu wengi hawana.

Kumpa mtoto shanga zenyewe atunge ni suala jingine. Zile ndogo za kioo ni za vidole vya watu wazima. Mtoto wa PP1 anahitaji shanga kubwa za plastiki au mbao zenye tundu pana, na kamba ya kiatu yenye ncha ngumu badala ya uzi. Mfuko wake hukaribia shilingi 500 hadi 1,000. Kama nyumbani kuna mtoto aliye chini ya miaka mitatu, usiufungue mfuko huo sakafuni. Kitu chochote kinachopita ndani ya bomba la karatasi ya shashi kinaweza kumkaba. Maharagwe na mahindi nayo yana hatari hiyo, na watoto wana tabia ya kuyaingiza puani. Shanga nzuri za kioo kilichorejelezwa zinazotengenezwa Kitengela Glass, ng'ambo ya Rongai kuelekea mbugani, ni za kuvaliwa na mtu mzima. Mpeleke mtoto akaone sakafu na kuta zilizopambwa kwa vipande vya kioo, ambazo zimejaa mipangilio ya kutafuta.

Ukiniuliza ningenunua nini kwa pesa yangu, jibu ni vibanio vya nguo. Dazeni moja ya vibanio vya plastiki ni kati ya shilingi 50 na 100. Chukua dazeni mbili, moja ya vyekundu na moja ya bluu, na umwombe muuzaji akuchagulie kutoka pakiti tofauti kama vimechanganywa. Havimezeki. Vikikanyagwa hupona. Vinavipa vidole nguvu ambayo mtoto ataihitaji kushika penseli. Wiki isipopatikana nafasi ya kufundisha, vinaanika nguo, na hakuna kilichopotea. Jaribu springi kabla ya kununua: iwe laini kiasi cha mkono wa mtoto, na isichomoke ukiivuta.

Anza kwenye kamba iliyofungwa kati ya viti viwili. Akishaweza kuendeleza mstari, hamia kwenye beseni. Mwambie avipange vibanio 12 kuuzunguka ukingo. Hapa ndipo somo linapokuwa kubwa kuliko bei yake, kwa sababu ukingo wa beseni hauna mwisho: cha kumi na mbili kinakaa jirani na cha kwanza. Nyekundu na bluu kwa kupokezana inaingia mara 6 na kufunga vizuri. Nyekundu, bluu, bluu inaingia mara 4. Nyekundu mbili na bluu mbili inaingia mara 3. Ongeza kibanio cha kumi na tatu kwenye ile ya kupokezana, na vyekundu viwili vinagongana pale mwanzo unapokutana na mwisho. Mtoto ataliona hilo kabla yako. Atalalamika, atang'oa, atajaribu tena. Mpe kipande cha vitano, nyekundu mbili na bluu tatu: kinaingia mara mbili, kisha vinabaki viwili, navyo ni vyekundu, ambavyo vikiungana na vyekundu vya mwanzo vinakuwa vinne mfululizo. Mtoto wa miaka mitano ameshagundua kwamba 12 inagawanyika kwa 2, kwa 3 na kwa 4, na haigawanyiki kwa 5, bila mtu kumtajia neno kugawanya. Sijaona seti ya shilingi 4,000 inayofanya hivyo.

Dada wa nyumbani anaweza kuyasimamia haya yote akifua. Mfundishe maswali matatu tu. Kipande kinaanzia wapi? Unaweza kuufanya wimbo huu kwa makofi? Nikikitoa hiki kimoja katikati ukiwa umefumba macho, utajua kilikuwa cha rangi gani? Na ukimpa kazi ya kufundisha mwanao, mwongezee kitu kwenye mshahara. Ni mwalimu wake wa kwanza wa hisabati, na hata nyongeza ndogo ya mwezi inamfaa mtoto kuliko kichezeo kipya kila mwezi.

Mwalimu wa kulipwa nyumbani, kwa shilingi 300 kwa saa mara moja kwa wiki, atakugharimu 3,600 kwa muhula wa wiki kumi na mbili. Kwa mtoto mwenye shida maalumu ya kujifunza, naiona sawa. Kwa mtoto wa kawaida wa PP1, saa moja mfululizo ni ndefu mno. Dakika kumi mara tatu kwa wiki na mtu anayempenda zinamtosha.

Na wale wanaofikiria kuhama shule kwa sababu ya hisabati ya chekechea? Katiba ya mwaka 2010 iliikabidhi elimu ya chekechea kwa kaunti, kwa hiyo vituo vya umma vya watoto wadogo viko chini ya serikali ya Kaunti ya Kajiado, na karo yake ni ndogo sana ukilinganisha na shule za binafsi. Usidharau kituo kabla hujakiingia. Wala usivutwe na jina la shule ya binafsi. Jina la Montessori, mwalimu aliyefungua nyumba yake ya watoto mjini Rome mwaka 1907, halilindwi na sheria kama alama ya biashara ya mtu mmoja. Shule yoyote inaweza kulibandika getini na kupandisha karo, kwa hiyo uliza walimu wamesomea wapi. Kisha tazama ukuta wa darasa. Kama ruwaza zilizobandikwa ishirini zote zinafanana, aliyezitunga ni mwalimu. Kama kila moja ni ya namna yake, nyingine zimepinda, nyingine zina kosa lililorekebishwa katikati, watoto wa darasa hilo wanafikiri. Mtaala wenyewe unahimiza vifaa vinavyopatikana karibu, kwa hiyo mwalimu anayetumia vifuniko, mawe na majani asikufanye uone shule ni maskini.

Vya bure vimejaa njiani: kabro nyekundu na kijivu uani, pindo la leso, kitambaa cha kochi kilichofumwa kwa sindano, mistari ya shuka. Dakika tano za kutembea hadi stejini zinatosha kutafuta kimoja.

Wiki mbili baada ya kununua chochote, pima kama kimefanya kazi. Panga vibanio: chekundu, bluu, bluu, mara tatu. Mpe mtoto vijiko na vikombe, umwambie atengeneze wimbo ule ule. Akianza kutafuta kijiko chekundu, bado anaona rangi tu. Rudi kwenye makofi na mapaja, kofi, paja, paja, mpaka mwili uzoee. Akipanga kijiko, kikombe, kikombe bila kuuliza, ameshaielewa ruwaza. Mwache atunge yake, na usinunue kingine. Kinachofuata ni ruwaza zinazokua, kibanio kimoja, kisha viwili, kisha vitatu, na vile vile 24 ulivyonavyo vinamfikisha hadi ngazi ya sita na kumbakishia vitatu.